Kibonzo na Ukweli wa Historia

Wako wadhanio kwamba vibonzo ni vya kuchekesha watoto tu. Sisi hatuafikiani nao. Mwaka 2003 Chester Brown, mchoraji wa Kanada, alitoa kitabu kisimuliacho kwa picha maisha ya Louis Riel, kiongozi wa Wametis, watu waliotokana na wenyeji wa nchi ile na Wazungu. Serikali ilimnyonga Riel mwaka 1885. Nyuso azichorazo Brown ni tulivu mno, na utulivu huo, kwa maoni yetu, mara nyingine hupoza uchungu wa walioshindwa. Hata hivyo, mwishoni mwa kitabu msanii huyu aungama mahali alipoibadili historia, na sababu zake. Ni wangapi kati yetu tuandikao historia kwa maneno matupu tuliowahi kuungama hivyo?