Ngoma ya Kutazamwa

Ngoma ya Burundi husikika kabla haijaonekana. Mlio unatokea nje ya lango la uwanja, na sisi wa Bujumbura tuliokaa juani tangu asubuhi tunasimama kabla ya kuombwa. Kisha abatimbo, wapiga ngoma wetu, wanaingia kwa mstari mmoja, kila mtu na ngoma yake kichwani, wakitembea na kuipiga palepale kichwani huku wakiimba. Ngoma zenyewe ni magogo mazima yaliyochimbwa ndani na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, na kuinua moja tu kutoka chini ni kazi ya mtu mwenye nguvu zake. Lakini shingo haziyumbi. Mikono iko juu, kinywa kinaimba, mguu unafuata mguu wa mwenzake wa mbele.

Nimekulia katika mji ambao Waswahili wake wa mtaa wa Buyenzi wanajua harusi na msondo na chapuo, ngoma za kuchezewa na kila aliyealikwa. Ingoma ya Kirundi ni jambo jingine. Hii ni sanaa ya jukwaani. Ina wahusika, ina kuingia na kutoka, ina mashairi ya kishujaa yanayotamkwa na kiongozi na kuitikiwa na kundi zima, na ina mwili wa mtu mmoja mbele ya macho ya wote. Anayeisikiliza tu amepata nusu.

Na dunia kwa muda mrefu ilipata nusu hiyo. Mwaka 1967 Ocora, lebo ya santuri ya redio ya Ufaransa, iliwarekodi abatimbo, na sauti yao ikaanza kusafiri bila wao. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada aliitia rekodi hiyo ndani ya wimbo wake "The Jungle Line". Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi za London, Adam and the Ants na Bow Wow Wow, zilijenga nyimbo juu ya mapigo ya namna hiyo, na vijana wa Ulaya wakayacheza bila kumwona Mrundi hata mmoja akiruka. Ilikuwa heri kwamba mwaka 1982, katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza, abatimbo walisimama wenyewe mbele ya watu. Hapo ndipo wengi walipogundua kwamba kile walichokidhani ni mdundo kilikuwa na miguu, mabega na uso.

Tazama wanavyojipanga. Ngoma hushushwa kwa nusu duara, kwa kawaida kumi na zaidi, na idadi yake daima ni witiri. Katikati inawekwa moja peke yake, inkiranya, mara nyingi imepakwa nyekundu, nyeupe na kijani za bendera. Ngoma ziitwazo amashakwe zinashika mdundo mmoja usiokatika. Hazipumziki, hazijipambi, na bila wapigaji wake hakuna onyesho. Nyingine, ibishikizo, zinamfuata mpigaji wa katikati na kubadilika kila anapobadilika. Huyo wa katikati ndiye mhusika mkuu, lakini cheo hicho ni cha kupokezana. Mtu anaacha ngoma yake kwenye nusu duara, anatoka akicheza, anazungusha mikwiro yake, ambayo Kirundi huiita imirisho, anawatazama watazamaji kama mtu mwenye deni la kuwadai, anaruka juu, magoti yakifika karibu na kifua, na anaposhuka mikwiro inashukia ngozi ya inkiranya. Wenzake wote wanabadilika naye papo hapo. Hawasomi popote. Wanausoma mwili wake.

Nilipoanza kufuatilia kabuki, maigizo ya jadi ya Japani, jambo hili la kuusoma mwili ndilo lililonishika. Katika kabuki, mwigizaji anapofika kwenye kilele cha hisia, husimama ghafla, anakaza mwili wote, anatoa macho na kuyapinda. Mkao huo wao huuita mie. Wakati huohuo mtu aliyepiga magoti pembeni mwa jukwaa, upande wa kulia wa watazamaji, hugonga vipande viwili vya mbao juu ya ubao, na mlio huo unaupa mkao ule uzito. Kazi yake yote ni kumkodolea macho mwigizaji asikose nukta yake. Ndani ya chumba kilichofichwa upande wa pili wako wanamuziki wenye ngoma kubwa, na theluji inapoanguka katika hadithi, ngoma hiyo hupigwa polepole kwa kipigio kilichofungwa kitambaa. Theluji haina sauti, lakini mtazamaji wa Kijapani akiusikia mlio ule hupata baridi. Huo ni ufundi wa kunyamazisha kwa ngoma, nami nauvulia kofia. Ila wao wamemgawia mmoja mwili na mwingine sauti. Kwetu umutimbo ni yeye aliye angani na ni yeye atakayepiga. Akikosea wakati wa kutua, amekosea muziki.

Nyumba hizi mbili za sanaa zimepita njia zinazopishana. Kabuki ilianzia chini: mwaka 1603 mwanamke aliyeitwa Okuni alicheza kwenye ukingo mkavu wa mto Kamo mjini Kyoto, na zilipita zaidi ya karne mbili na nusu kabla mfalme wa Japani hajaketi kuitazama, mwaka 1887. Ingoma ilianzia juu. Karyenda, ngoma takatifu, ndiyo iliyokuwa ufalme wenyewe, na raia waliiona kwa nadra, wakati wa umuganuro, sikukuu ya mtama. Rukinzo, ngoma nyingine, ilifuatana na mwami, yaani mfalme, kila alikokwenda. Kule Gishora, kilima kilicho karibu na Gitega, mwami Mwezi Gisabo aliweka ngoma baada ya kumshinda chifu Ntibirangwa aliyemwasi, na Ruciteme na Murimirwa bado zinatajwa hapo kwa majina yao, kama watu. Familia za walinzi wa vilima kama hicho ndizo zilizorithishana upigaji, baba kwa mwana, sawa na ukoo wa Ichikawa kule Japani, ambako jina la Danjuro limerithiwa tangu karne ya 17 na mwenye jina wa 13 alilipokea mwaka 2022.

Umuganuro ulizimwa chini ya ukoloni wa Wabelgiji. Ufalme wenyewe uliondolewa Novemba 1966, na Karyenda, iliyokuwa kwenye bendera ya uhuru, ikafutwa humo. Sanaa iliyozaliwa kwa ajili ya mfalme ilibaki bila mfalme. Kwamba iliendelea kupigwa, hilo ni kazi ya familia zile. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa binadamu, miaka sita baada ya kabuki kuingia katika orodha hiyohiyo.

Urithi huo huanza na mti wa ngoma, umuvugangoma, na mti mkubwa wa namna hiyo hauoti kwa mwaka mmoja wala kumi. Anayeukata leo anatumia kivuli cha babu yake. Ngozi ikishawambwa na vigingi kupigwa, sehemu za ngoma hupewa majina ya mwili wa mama: vigingi ni matiti, kuna kitovu, na ngozi ni ile ambayo zamani mama alimbebea mtoto mgongoni.

Ndiyo maana agizo la Oktoba 2017 liliniumiza. Rais Pierre Nkurunziza aliwakataza wanawake kupiga ngoma hizi, akazifungia kwenye shughuli rasmi zenye kibali cha wizara, na vikundi vikatakiwa kulipa faranga 500,000 kwa onyesho. Kabla ya hapo wasichana walikuwa wameanza kupiga, na wapo waliopiga vizuri. Walioliunga mkono agizo hilo walisema ndiyo mila. Lakini Karyenda yenyewe ilikuwa na mwanamke aliyewekwa wakfu kwake, Mukakaryenda, na hakuna aliyeikaribia kuliko yeye. Japani nako wanawake waliondolewa jukwaani mwaka 1629. Wanaume waliochukua nafasi za kike, onnagata, waliutengenezea upungufu huo ufundi wa ajabu wa mkono, shingo na hatua, nami nauheshimu kwa moyo wote. Hata hivyo sanaa aliyoianzisha Okuni ilikosa mabinti zake kwa karne nyingi, na hakuna anayeweza kutuambia wangeleta nini. Sisi tuna nafasi ya kutolipa gharama hiyo. Ada ipunguzwe, harusi za mitaa kama Kamenge na Kinama zirudishiwe ngoma, na msichana mwenye shingo ya kubeba gogo lile apewe mikwiro.

Ukienda uwanjani tarehe 1 Julai, sikukuu ya uhuru, usikae mbele kabisa katikati. Hapo utamwona wa inkiranya peke yake. Kaa pembeni kidogo, uone uso wake na mikono ya wapigaji wa amashakwe kwa pamoja. Anapokaribia kuchoka utamwona anayefuata akianza kutingisha mabega akiwa bado nyuma ya ngoma yake, na mdundo utapanda kabla hajatoka.