Kitabu ni cha Nani? Mtoro bin Mwinyi Bakari na Idara ya Lugha za Mashariki

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali moja juu ya kitabu kimoja cha Kiswahili kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903. Kitabu hicho kinaitwa Desturi za Wasuaheli. Walimu wengi wa Kiswahili wamekisikia, wachache wamekisoma, na aghalabu hutajwa kuwa ni kitabu cha Carl Velten. Sisi tunaona kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na kwamba namna jina lake lilivyofunikwa ni jambo linalotuhusu sisi wenyewe hadi leo.

Yafaa kwanza tuijue nyumba kilimozaliwa kitabu hiki. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin, chini ya Chuo Kikuu cha Friedrich Wilhelm, idara maalumu ya kufundisha lugha za Mashariki. Mkuu wake alikuwa Eduard Sachau, mtaalamu wa Kiarabu aliyejulikana kwa kuhariri na kufasiri kazi za Al-Biruni juu ya Bara Hindi. Humo zilifundishwa Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki na Kihindustani. Na pamoja nazo, tangu miaka ya mwanzo, Kiswahili.

Msomaji ataweza kuuliza: Kiswahili kilitafuta nini katika idara ya Asia? Jibu halipatikani katika ramani. Ujerumani ilikuwa imekwisha anza kunyakua nchi yetu tangu mwaka 1885, na ilihitaji watu wa kwenda kuitawala. Wanafunzi wa Kiswahili wa idara ile walikuwa maofisa wa serikali, askari, wamisionari na wafanyabiashara waliojitayarisha kuja huku. Neno ‘Mashariki’ lilikuwa kama kabati moja kubwa, ambamo Ulaya iliweka lugha za watu wote iliotaka kufanya nao biashara au kuwatawala. Hata idara ilipoanza kutoa jarida lake la kila mwaka, mwaka 1898, habari zake ziligawanywa katika mafungu matatu: Asia ya Mashariki, Asia ya Magharibi, na Afrika. Mchina, Mwajemi na Mswahili waliwekwa chini ya dari moja kwa sababu aliyewatazama alikuwa mmoja.

Mafunzo yalikwenda kwa utaratibu maalumu. Mwalimu Mjerumani alieleza sarufi. Mzawa wa lugha yenyewe alisomesha matamshi na mazungumzo. Kwa upande wa Kiswahili walipita Sleman bin Said na Amur bin Nasur. Huyu wa pili aliandika habari za maisha yake, nazo zikatiwa katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili uliotolewa na Carl Büttner mwaka 1894. Kisha, mwaka 1900, akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, Mzaramo kwa asili, mtu aliyesoma elimu ya dini ya Kiislamu na aliyeijua Mrima kwa kuishi ndani yake. Mwalimu aliyemkuta huko alikuwa Velten, aliyepata kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni. Miaka mitatu baadaye kikatoka kitabu, kwa Kiswahili na kwa tafsiri ya Kijerumani, na jina lililokuwa juu ya jalada lilikuwa la Velten.

Sasa na tukisome kitabu chenyewe. Kinaeleza maisha ya mtu wa pwani tangu mimba hadi kaburi: kuzaliwa, malezi, chuo cha Kurani, jando na unyago, ngoma na pepo, posa na arusi, maradhi na dawa, mazishi na matanga. Kisha kinaingia katika mambo ya majumbe, watumwa, deni, safari za bara na sheria. Wako wanaokiona kuwa ni daftari la desturi tu. Sisi tunaona humo nathari ya Kiswahili iliyokomaa, kabla ya riwaya zetu kuanza kuandikwa. Mwandishi hakimbii. Hufuata jambo hatua kwa hatua kama lilivyotendeka: nani hutangulia, nani hujibu, kipi hutolewa, na kiasi gani. Sentensi zake ni fupi na haziombi msaada wa mapambo. Anapoeleza posa, hatupi maana ya posa. Huwaacha wazee wenyewe waje, wapige hodi, wazungumze. Mwanafunzi atakaye kujua namna ya kueleza jambo bila kulisifu wala kulikemea, na asome sura hizo.

Hata hivyo, mhakiki asiyetaja ila hakuitenda kazi yake. Kitabu kinaiona jamii kutoka upande wa waungwana. Mtumwa anaelezwa, hasikiki akijieleza. Mambo ya unyago nayo yamepita katika kalamu ya mwanamume. Tena maandishi yenyewe yalitakiwa na idara iliyowafundisha watawala, kwa hiyo mambo ya sheria, deni na utii yamepewa nafasi ambayo pengine mzee wa Bagamoyo, kama angekuwa anamwandikia mjukuu wake, asingeyapa. Mwalimu anapokitumia kitabu hiki darasani, hapana budi awaulize wanafunzi: nani alitaka kujua jambo hili, na kwa faida gani?

Velten naye apewe haki yake. Pasipo yeye huenda maneno haya yasingalipigwa chapa. Aliyaacha katika Kiswahili chake, akayatoa pamoja na tafsiri, na msaada wa Mtoro hakuuficha kabisa. Lakini kumtaja mtu katika dibaji ni jambo moja, na kumweka juu ya jalada ni jambo lingine. Sisi tuliokaa ofisini miaka mingi tunaufahamu mchezo huu. Karani huandika barua, mkubwa hutia sahihi, na hapana anayelalamika, kwa kuwa barua ni ya ofisi na lawama yake humwangukia mwenye sahihi. Kitabu cha desturi za watu si barua ya ofisi. Aliyeziishi desturi hizo, akazipanga kichwani na kuzitolea maneno, huyo ndiye mwandishi. Aliyekusanya na kuhariri aitwe mkusanyaji na mhariri, na jina hilo ni la heshima pia.

Yaliyompata Mtoro baadaye yanaonyesha jinsi idara ile ilivyohitaji ulimi wake bila kumhitaji yeye. Baadhi ya wanafunzi hawakukubali kumstahi mwalimu Mwafrika. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 aliacha kazi baada ya dharau alizotendewa, akafunga safari na mkewe kurudi kwao. Serikali ya kikoloni ikamzuia mke asishuke, nao wakalazimika kurudi Ujerumani. Ni mwaka ule ule zilipowaka moto nchi za kusini katika Vita vya Maji Maji. Hivyo, mtu aliyewafundisha watawala namna ya kubisha hodi katika nyumba za Waswahili, alikatazwa kuingia na mkewe katika nchi ya kwao. Baadaye alisaidia kazi ya Kiswahili huko Hamburg kwa Carl Meinhof, akaishi pia kwa kutoa mihadhara, na akafa Ujerumani mwaka 1927.

Wala hakuwa wa mwisho. Katika miaka ya 1930 alisaidia kufundisha Kiswahili mjini Berlin Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyepata kuwa askari mtoto katika Vita ya 1914–1918. Mwaka 1941 alikamatwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi za Wanazi, na mwaka 1944 akafa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Leo chuo kikuu kile kinaitwa Humboldt, nacho kina taasisi ya taaluma za Asia na Afrika. Nyakati zimebadilika, na mbele ya nyumba alimoishi Husen limewekwa jiwe dogo lenye jina lake. Mtoro naye ilimpasa angoje hadi mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipochapishwa na Chuo Kikuu cha California, ndipo jina lake likatajwa katika jina la kitabu: miaka 78 tangu kitabu kutoka, na 54 tangu kufa kwake.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa, tukiwalaumu Wajerumani na kufunga kitabu. Lakini nyani haoni kundule. Katika ujana wetu sisi wenyewe tulitumwa wilayani kukusanya nyimbo za ngoma na mashairi ya wazee. Tulipokewa vizuri, tukapewa viti na uji, tukaimbiwa mpaka usiku. Tuliporudi na madaftari yetu, chini ya kila wimbo tuliandika jina la ngoma na jina la wilaya. Bibi mmoja alitupa nyimbo nyingi kuliko watu wote, naye ndiye aliyetusahihisha tulipokosea maneno. Jina lake hatukuliandika. Leo tukiulizwa, hatulikumbuki. Hakuna Velten aliyetuamuru kufanya hivyo. Tulidhani kwamba kilicho cha taifa hakina mwenyewe, tusijue kuwa taifa ni watu wenye majina.

Kwa hiyo tuna ombi kwa walimu na wanafunzi. Kila mwaka shule zetu huwatuma vijana kwa wazee wao kutafuta hadithi, methali na vitendawili. Kijana arudipo, daftari lake lionyeshe nani alisimulia, umri wake, mahali alipo, siku ya mazungumzo, na kama ameridhia jina lake liandikwe. Mwalimu atoe alama kwa jambo hilo kama atoavyo kwa hati nzuri. Na mwalimu afundishapo habari za nathari ya Kiswahili, pale anapotaja Desturi za Wasuaheli, aandike ubaoni jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari kwanza, kisha la Velten, na aeleze kazi ya kila mmoja.

Tangu mwaka 2022 dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai, nasi huijaza siku hiyo kwa hotuba na ngoma. Hatukatai. Lakini lugha haikufika Berlin kwa miguu yake yenyewe. Ilichukuliwa na watu, nao walilipa. Kuyataja majina yao hakugharimu hata senti moja.