Maneno Machache, Sauti Nyingi: Suala la Matini katika Isicathamiya

Makala haya yanashughulikia isicathamiya, yaani nyimbo za kwaya za wanaume wa Kizulu ambazo kwa miongo mingi zimeimbwa katika mashindano ya usiku kucha mijini Durban na Johannesburg. Wataalamu wa muziki wameziandikia vya kutosha. Veit Erlmann alizitolea kitabu kizima mwaka 1996. Wahakiki wa fasihi, kinyume chake, wamezipita kama mtu apitaye penye ngoma ya wenyewe. Sababu itolewayo, pale inapotolewa, ni kwamba maneno yake ni machache, hujirudia mno, na yakinakiliwa karatasini hayasimami kama shairi. Sehemu ya kwanza ya dai hili tunaikubali. Hilo la kutosimama ndilo tunalokusudia kulipinga.

Jina la utanzu huu latokana na kitenzi -cathama, ambacho Mswahili angekitafsiri kwa neno moja: kunyata. Asili yake ni mchanganyiko. Zimo ndani yake tenzi za misheni, zimo nyimbo za arusi za vijijini, na umo pia mwigo wa wasanii Wamarekani Weusi, hususan kundi la Orpheus McAdoo lililozuru Afrika Kusini kuanzia mwaka 1890. Hata hivyo, hali iliyouzaa ni ya kisiasa. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwatengea Waafrika takriban asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi, na wanaume wakalazimika kuyafuata machimbo, bandari na viwanda, wakilazwa katika mabweni wasikoruhusiwa kuishi na wake zao. Humo ndimo makundi yalimoundwa, aghalabu na watu waliotoka sehemu moja. Hawa huitana abakhaya, watu wa nyumbani. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi ili alisikie hapo neno kaya, na Mmijikenda atalisikia kwa uzito zaidi.

Tuuangalie basi muundo wa uimbaji wenyewe. Kiongozi huanza peke yake, akitaja safari, mzazi aliyeachwa, au barua isiyojibiwa. Sauti za kati huwa chache, mara nyingi mtu mmoja kwa kila sauti. Wanaosalia, ambao katika kundi la watu kumi wanaweza kuwa saba, wote ni besi. Huu si mgawanyo wa kwaya za kanisani, ambamo sauti nne hupewa watu kwa usawa. Hapa yupo mtu mmoja mbele na umati mzito nyuma yake, na umati huo ni watu wa kwao. Kiongozi anapolalamika kwamba yu peke yake ugenini, malalamiko hayo hupokewa na kukamilishwa na wale wale anaodai kuwakosa. Maneno yanasema kwamba nyumbani ni mbali. Mpangilio wa sauti unasema kwamba nyumbani kumesimama nyuma ya bega lake. Mhakiki anayenakili maneno pekee huipata kauli ya kwanza tu, kisha huilaumu kwa wepesi wake.

Mfano mzuri ni wimbo wa Homeless, uliotungwa na Joseph Shabalala wa Ladysmith Black Mambazo pamoja na Paul Simon na kutolewa mwaka 1986. Maneno yake ya Kizulu yanawahusu watu wanaolala majabalini. Yakitamkwa na mtu mmoja, ni taarifa ya dhiki. Yanapoimbwa na wanaume waliovaa sare, wanaopumua pamoja na kunyamaza pamoja, huwa vilevile ushahidi kwamba dhiki hiyo haijawatawanya. Takriri, ambayo wengi wetu tumezoea kuihesabu kuwa upungufu wa ubunifu, ndiyo inayotoa nafasi ya ushahidi huo: kila mara mstari urudipo, unarudi ukiwa umebebwa na sauti nyingine.

Utanzu huu unaitatiza pia nadharia. Albert Lord, katika kitabu chake cha 1960, alitufundisha kwamba kwa fanani wa kimapokeo kila uwasilishaji ni utunzi mpya. Katika isicathamiya sivyo. Wimbo hufanyiwa mazoezi usiku baada ya usiku, hadi neno, pumzi na hatua zikawa hazibadiliki; na bado hauandikwi. B. W. Vilakazi aliyashughulikia maisha ya wachimba migodi katika diwani yake ya Amal' eZulu, iliyochapishwa mwaka 1945, na tunamsoma kama mshairi. Wakati huohuo, katika jiji lile lile la Johannesburg, mabweni yalikuwa yakiimba habari hizo hizo, na mipaka tuliyoichora wenyewe imetuzuia kuwasikia.

Hatudai kwamba kila kilichomo kinastahili sifa. Mwanamke katika nyimbo hizi husemwa zaidi kuliko anavyosema. Ama ni mama anayesubiri kijijini, ama ni mpenzi aliyepotoshwa na mji. Na katika utanzu ambao nguvu yake yote ni kuitikiana, yeye hana wa kumwitikia. Besi saba haziwezi kulijaza pengo hilo. Kwa maoni yetu, huu ni udhaifu wa kisanaa sawa na ulivyo wa kimaadili.

Tuje sasa kwa mwamuzi. Ilikuwa desturi ya waandalizi kutoka usiku wa manane na kumtafuta mzungu yeyote apitaye njiani, au aliyeketi mkahawani, awe hakimu wa mashindano. Hakuwajua waimbaji, hakuwa na ndugu katika kundi lolote, na kwa kawaida hakujua Kizulu. Hoja ya waandalizi ilikuwa ya busara: asiyewajua watu hawezi kupendelea. Lakini gharama yake haikuwa ndogo. Mtu wa namna hiyo hupima kile awezacho kupima, yaani sauti zilivyolingana, viatu vilivyong'aa, safu isiyopinda, na kundi linalotaka kushinda hujifunza kumpa hicho. (Msomaji aliyewahi kuhudhuria mashindano ya muziki ya shule zetu, akamwona mwamuzi akitoa alama za matamshi kwa wimbo wa lugha asiyoijua, asiharakishe kucheka.)

Lililotokea ukumbini usiku lilitokea baadaye duniani kote. Mwaka 1939 Solomon Linda na Evening Birds walirekodi Mbube katika studio ya Gallo. Mbube ni simba. Wamarekani waliousikia katika sahani walilikosea neno hilo, wakalifanya Wimoweh. Na mwaka 1961 ukatoka The Lion Sleeps Tonight, ambamo simba amelazwa usingizi. Katika rekodi ya Linda simba hajalala. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na ni mwaka 2006 tu ndipo mabinti zake walipofikia mapatano juu ya mirabaha. Mengi yameandikwa kuhusu fedha hizo, na ni haki. Yaliyoandikwa kuhusu neno lenyewe ni machache, ilhali wimbo ulichukulika kirahisi kwa kuwa ulisikilizwa kama sauti isiyo na lugha.

Sisi wa lugha za Kibantu hatuna udhuru wa kusikiliza kwa namna hiyo. Katika semina zetu tumejaribu kuzinakili baadhi ya rekodi kwa safu badala ya mishororo: safu ya kiongozi, safu ya sauti za kati, safu ya besi, na neno likaandikwa kila mahali linapopokewa, hata likirudiwa mara tisa. Ukurasa unaopatikana ni mpana na haupendezi kuchapishwa, lakini unasomeka, na mwanafunzi huona ni wapi hasa kiongozi anaachwa peke yake na ni wapi anapokewa. Ipo pia safu ya nne, ya hatua za miguu, ambayo ndiyo iliyoupa utanzu huu jina. Kwa kuwa tumetegemea kanda, na anayenyata hasikiki katika kanda, safu hiyo bado ni tupu.