Stanley hakupaswa kutoka Machi

Machi 21, 1871, msafara wa tano na wa mwisho wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone. Kosa ni hiyo tarehe. Safari yenyewe tunaijua sote, tumeisoma shuleni, tumeiona picha ya wazungu wawili wakivuliana kofia pale Ujiji, na kila inapotajwa husifiwa kwa mipango yake. Mimi nasema mipango iliharibika siku ile ya kutoka, na bonde la Mkata, hapa kati ya Morogoro, Mikumi na Kilosa, lilitoa ushahidi mwezi mmoja tu baadaye.

Yaliyofanywa vizuri nayataja mara moja: watu 192 waligawanywa katika misafara mitano ili mali yote isionekane kwa pamoja njiani, na mzigo wa pagazi ulipimwa kwa frasila mbili. Hapo hakuna ubishi.

Sasa turudi kwenye tarehe. Stanley alishuka Unguja Januari 6. Aliambiwa habari za masika mapema, na mpango wake mwenyewe ulikuwa kuitangulia mvua: avuke nyanda za chini kabla haijaanza, masika imkute yuko juu Usagara au ameshaipita. Mpango huo ulikuwa sahihi. Lakini ulisimama juu ya sharti moja, nalo ni kutoka mapema. Bagamoyo mapagazi walikuwa adimu, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kimepita pwani na watu wa bara waliogopa kushuka. Msafara wa kwanza ukatoka Februari 18, wa pili Februari 21, wa tatu Februari 25. Wa nne ukachelewa hadi Machi 11. Kufikia hapo sharti lilikuwa limeshavunjika. Mtu aliyejipangia kuitangulia mvua, mvua ikakaribia yeye bado yuko ufukweni, anatakiwa akae chini apange upya. Stanley hakupanga upya. Alichukua mpango wa Februari akaufunga kwenye mizigo ya mwishoni mwa Machi, akaondoka.

Angalia pia ni msafara upi aliouacha uwe wa mwisho. Huu wa tano ulikuwa na mapagazi 28 tu, askari 12, na punda 17. Misafara iliyojaa Wanyamwezi, watu wanaoijua njia kwa miguu yao, ilitangulia. Msafara wenye punda wengi ndio uliobaki kukutana na maji. Ukiwahi kuona udongo mweusi wa Mkata mwezi wa Aprili huhitaji maelezo zaidi. Pagazi huvuka maji ya kifuani mzigo ukiwa kichwani. Punda hawezi. Kila mto lazima ashushwe mzigo, mzigo uvushwe na watu, mnyama avutwe kwa kamba, kisha afungwe mzigo upya ng'ambo, na mita chache mbele anazama tena kwenye tope. Kwa hiyo watu wale wale 28 walikuwa wanabeba mizigo yao, na ya punda, na punda wenyewe. Ongeza mkokoteni wake, ambao haukufaa kitu njiani, na mashua mbili alizozinunua Unguja kwa ajili ya ziwa lililo mbali sana na pale alipokuwa anakwama.

Mkata ni sahani. Mashariki iko Uluguru, magharibi milima ya Usagara, na maji ya pande zote yanashukia katikati. Mto Mkondoa unateremka kupitia Kilosa, mto Mkata unatoka kusini, yote inaelekea Wami. Sehemu ya kusini ya bonde hilo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na aliyewahi kupita humo masika anajua njia za ndani zinavyokuwa. Sisi tunapita juu ya tuta la barabara kuu ya kwenda Iringa, tunaangalia nyati dirishani. Stanley alipita chini, ndani ya maji, siku baada ya siku. Punda walikufa mmoja baada ya mwingine. Mbwa wake Omar alifia karibu na Rehenneko. Mwenyewe alishikwa na kuhara damu, akakonda vibaya. Mei 4 walipofika Rehenneko, chini ya milima, ilibidi walale siku kadhaa kwanza ndipo waweze kusimama. Hao walikuwa bado hawajaanza kupanda.

Jambo linalonikera kuliko yote ni kwamba jibu lilikuwa kambini mwake. Nahodha wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyekwenda bara na Burton na Speke. Safari ile ya 1857 ilitoka Kaole Juni 27, masika imekwisha, nchi imekauka. Speke aliporudi tena, na Bombay yumo, walitoka Bagamoyo mwanzoni mwa Oktoba 1860. Stanley alikuwa na mtu aliyeingia bara mara mbili katika miezi inayofaa, na kitabu chake kimejaa malalamiko juu ya mtu huyo huyo. Wanyamwezi nao walikuwa na kalenda yao, kongwe kuliko ya Mzungu yeyote: hushuka pwani wakati wa kiangazi, hurudi nyumbani kabla ya msimu wa kulima. Viranja wa njia ile, viranja wa kweli, walikuwa hao. Nimeshasema mara nyingi na nitaendelea kusema kwamba historia ya njia ya kati imeandikwa kwa majina ya waliobebwa, si ya waliobeba.

Watetezi wa Stanley wana hoja moja yenye uzito. Wanasema alifika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, mwishoni mwa Juni, siku zisizofika mia tangu Bagamoyo, ilhali Burton alitumia zaidi ya siku 130 kufika Kazeh, huko huko Unyanyembe. Ni kweli, na mwendo wake baada ya Usagara ulikuwa mzuri. Lakini tuulize mwendo huo ulimnunulia nini. Alifika Unyanyembe akakuta vita vya mtemi Mirambo. Akajiunga na Waarabu wa Tabora mwezi Agosti, wakapigwa, akabaki Kwihara, karibu na Tabora, amekwama mpaka Septemba 20. Yaani aliua punda na kuumiza watu Mkata ili akapumzike karibu miezi mitatu Tabora. Na Livingstone? Katikati ya Julai 1871 alikuwa bado Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Ujiji alirudi Oktoba. Mirambo na Nyangwe ni mambo ambayo Stanley hakuweza kuyajua Machi, simhukumu kwa hayo. Hofu yake ilikuwa kwamba Livingstone akisikia anatafutwa atahama. Hofu hiyo naielewa, ila kutoka Bagamoyo bila kusubiri kiangazi hakukuiondoa, kwa sababu misafara minne iliyokwisha kutangulia ilikuwa tayari inatangaza habari njia nzima. Masika, kwa upande mwingine, aliijua. Alikuwa ameambiwa.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu kosa hilo bado linafanyika, na safari hii linakwenda upande wa pili, kutoka bara kwenda pwani. Mtu wa Mikumi au Kilosa anayetaka kuteleza kwa ubao wa tanga Paje au Jambiani leo ana usafiri ambao Stanley asingeuota: reli ya SGR imepita Kilosa, Dar ni safari ya saa chache, kisha boti ya Unguja. Anachokosea ni kilekile. Anapata vyumba vya bei nafuu Aprili, anakata tiketi, anafunga ubao na mlingoti, ndipo anauliza upepo. Vyumba ni nafuu Aprili kwa sababu ni masika, na ni maleleji: kaskazi imekwisha, kusi haijashika, upepo unageuka geuka na mvua inanyesha. Kaskazi ya kutegemewa ni Desemba hadi Februari, kusi ni Juni hadi Septemba. Halafu kuna maji. Mawimbi ya pwani ile yanavunjika kwenye mwamba wa nje, mbali na ufukwe. Ndani yake ni maji tulivu. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, ndani panabaki mchanga, majani ya bahari na vigingi vya mashamba ya mwani ya akina mama. Anayetaka mawimbi lazima apange saa zake kwa kupwa na kujaa, ajue mlango wa mwamba uko wapi, na awe na mtu wa mashua anayemjua. Mabaharia wetu waliokwenda Arabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi hawakung'oa nanga kwa sababu mizigo imekamilika. Waling'oa kwa sababu msimu umeingia.

   

Turudi kwa Stanley, maana alipata nafasi ya pili. Machi 14, 1872, aliondoka Kwihara kurudi pwani. Machi tena. Safari hii alikuwa na sababu: Livingstone alibaki Kwihara akisubiri watu na vifaa kutoka Unguja. Lakini aliijua Mkata kwa mwili wake, na sanduku la maandishi ya Livingstone lilikuwa kwenye mizigo. Aprili ile ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Ni mwezi huo huo ambapo kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli za Sultani Barghash. Mito ya Mkondoa na Mkata ilifurika. Simbamwenni, mji uliosifiwa kwa ukuta wake, ulisombwa upande mzima na mto. Na katika mto mmoja wa njia ile pagazi aitwaye Rojab aliingia kwenye maji ya shingoni na sanduku la Livingstone kichwani, Stanley amesimama ukingoni amemwelekezea bastola, anamtishia kwamba akiliangusha atampiga risasi. Picha hiyo imo kitabuni na watu huicheka. Mimi naona mpangaji aliyemwachia pagazi kulipa deni la kalenda yake.

Rojab alivuka salama. Sanduku lilifika Bagamoyo Mei 6, 1872. Walimu wa historia wa Kilosa na Mikumi, mkisomesha sura ya Stanley, msiwarukishe watoto kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Wapelekeni kwanza kwenye daraja la Mkata mwezi wa Aprili, wayaone maji, kisha wasomeeni tarehe.