Wanaokesha na Majeruhi wa Kichwa
Wauguzi wanaokesha na majeruhi wa bodaboda wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Saa baada ya saa humwita mgonjwa kwa jina, humuuliza yuko wapi, humwambia, "Baba, nibane vidole," kisha humulika mboni kwa tochi. Kipimo cha fahamu wanachotumia kilichapishwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow: kufumbua macho hadi alama 4, kusema hadi 5, kujongeza viungo hadi 6. Mwenye jumla ya 15 yu macho kabisa. 8 kushuka chini ni hatari, njia ya hewa ilindwe. Hakihitaji umeme. Kinahitaji umakini, maana alama 2 zikipungua usiku, au mboni moja ikitanuka, huenda damu inakandamiza ubongo, na muuguzi ndiye wa kwanza kujua na kumwita daktari.