Daraja Likishaanguka: Uhakiki wa Filamu ya The Bridge on the River Kwai

Filamu nyingi za vita huisha daraja linapoanguka. Katika uhakiki huu tunauliza kinachofuata baada ya hapo. Swali lenyewe si letu. Tulilipata Kashikishi, wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, tulikokwenda na wanafunzi kusikiliza Kiswahili cha wavuvi na wachuuzi wanaovuka kutoka upande wa Kongo. Jioni moja tuliwaonyesha wenyeji wetu filamu hiyo, tukitafsiri palipobidi. Treni ilipotumbukia mtoni, vijana walipiga makofi. Mzee mmoja muuza samaki akauliza: "Sasa kesho batu batapita wapi?"

Filamu hii iliongozwa na David Lean mwaka 1957, kutokana na riwaya ya Pierre Boulle ya mwaka 1952. Kwa upande wa fani, ni kazi bora. Mhusika mkuu, Kanali Nicholson, ni mfungwa wa Kiingereza anayewajengea Wajapani daraja la reli kwa ustadi mkubwa, hata akasahau kwamba anamjengea adui. Mgogoro wake wa nafsi umesukwa vizuri, na Alec Guinness anauigiza bila makelele.

Tatizo liko kwenye maudhui. Katika filamu, makomando wachache wanalipua daraja. Katika riwaya, daraja halianguki. Katika historia, madaraja ya reli ya Tha Makham, karibu na Kanchanaburi nchini Thailand, yalishambuliwa mara kadhaa na ndege kubwa za mabomu za Washirika mwaka 1944 na 1945, na mabomu mengine yaliwaua wafungwa waliokuwa jirani. Makumi ya maelfu ya vibarua wa Kiasia walikufa katika ujenzi wa reli ile. Katika filamu hawana sura wala sauti.

Zambia nayo ina daraja lake. Mwezi Oktoba 1979, wakati mazungumzo ya Lancaster House yakiendelea London, makomando wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA na lile la barabara katika mto Chambeshi. Huko hakukuwa na ndege ya kuangusha mabomu. Baruti ilitegwa kwa mikono. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa ili Zambia isitegemee njia za kusini. Ilipokatwa, nchi ilibanwa izidi kutegemea njia hizo hizo kwa shaba yake na kwa mahindi iliyohitaji. Maji ya Chambeshi hupita Bangweulu, yakaingia Luapula, yakafika Mweru. Kwa hiyo swali la mzee yule liliulizwa kando ya maji yaliyokwisha kupita chini ya daraja lile.

Sasa tuje kwenye lugha. Wanafunzi wetu walipoandika muhtasari wa filamu na wa tukio la Chambeshi, karibu wote waliandika: "Daraja lilipigwa bomu." Kisarufi sentensi haina kosa. Lakini kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na neno *bomu* limeficha namna ya kutenda. Rubani aliye juu ya mawingu na askari anayefunga baruti kwenye nguzo usiku wamegeuka mtu mmoja. Anayesoma sentensi hiyo hawezi kujua nani awajibike, wala nani aliyeachwa ng'ambo.

Ni maoni yetu kwamba mwalimu asiipe alama kamili sentensi ya aina hiyo. Adai mtenda na adai kitenzi kinachofaa: ndege *ziliangusha* mabomu; makomando *walitega* baruti, *wakalipua*. Kiswahili kina maneno ya kutosha. Uvivu ni wetu.

Hatusemi filamu hii iachwe. Tunapendekeza itumike darasani, ramani ya Chambeshi ikiwa ukutani, na zoezi liwe moja: endeleza hadithi kuanzia asubuhi ya kesho yake, ukisimulia kwa sauti ya mtu aliyefika mtoni na mzigo wake akakuta hakuna daraja. Wasomaji watakaolijaribu zoezi hili tunawaomba watuletee insha za wanafunzi wao. Tungependa kumpelekea mzee wa Kashikishi jibu.