Omo ya Kale, Tezi ya Injini: Uhakiki wa Usanifu wa Mashua ya Sese katika Mpaka wa Busia

Uhakiki wa sanaa za ufundi katika Kiswahili umezoea kuvitazama vyombo vya pwani na kuvisahau vya ziwani. Makala hii inadai kwamba mashua ya mbao ya Sese inayoendeshwa kwa injini, kama ilivyo Sio Port na Port Victoria nchini Kenya na Majanji nchini Uganda, inastahili kuhakikiwa kama kazi ya usanifu.

Vyombo vya Waganda alivyovikuta Stanley mwaka 1875 vilishonwa kwa nyuzi za mimea, na mkuku ulitokeza mbele ya omo kama mdomo wa ndege. Baadaye misumari iliondoa ushonaji. Injini ilidai zaidi: tezi iliyochongoka ikakatwa bapa ili ipate pa kufungiwa. Omo, hata hivyo, ilibaki nyembamba, ya kupasua mawimbi. Uzuri wa chombo hiki umo katika kiasi hicho: fundi hubadili palipolazimu tu.

Sensa za uvuvi za Ziwa Victoria hutenganisha Sese zenye tezi bapa na zilizochongoka pande zote mbili, lakini lengo lake ni kuhesabu. Nasi tunavieleza vyombo hivi kwa istilahi za pwani: mkuku, omo, tezi, mataruma. Maneno ya mafundi Wasamia, walio pande zote mbili za mpaka, hayana budi kukusanywa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inafaa kuiongoza kazi hiyo kabla fibaglasi haijaziondoa mbao pamoja na msamiati wake.